Darubini ya "jeshi" ya 85,000 pale Mwanjelwa: imenigombanisha na mama mdogo ila siiuzi

Bei kwanza maana najua ndo mtakachouliza. 85,000. Jamaa alianzia laki na ishirini, nikamwambia sina, nikageuka naondoka mpaka nimefika kwa wauza viatu ndo akaniita "mzee rudi tuongee". Ni darubini ya mtumba, saizi 7x50, kijani ile ya kijeshi, ina mfuko wake na kamba ya shingoni, na ukichungulia unaona vimistari vidogo vidogo kama vya rula halafu chini yake kuna kadira kanacheza. Nilinunua Mwanjelwa, soko la Mbeya mjini, kwa jamaa anayeuza redio, tochi na makorokoro mengine ya mtumba, jina la kibanda chake silitaji. Ninayo mwezi wa nne sasa, nayasema niliyoyaona.

Mkulima na darubini wapi na wapi? Nina ekari tatu za parachichi, Hass, kwenye mteremko juu ya Kyimo huku Rungwe, na kama unalima Hass unajua mzigo ukikaribia tu usingizi unakatika. Wezi hawasubiri ikomae, wanachuma changa hiyo hiyo alfajiri, wanajaza viroba, pikipiki inasubiri barabarani, asubuhi unakuta matawi yamevunjika na majani yametapakaa. Mlinzi nilikuwa naye ila shamba lina mabonde, akiwa juu haoni chini, akiwa chini haoni juu. Nyumba yangu iko ng'ambo, na kuna kilima nyuma ya nyumba ambapo shamba lote linaonekana, ila kwa macho matupu mtu anakuwa kama njiti ya kiberiti. Ndo nikawaza darubini.

Muuzaji alivyoona nimeshika tu akaanza, "hii ya jeshi mzee, orijino, Wamarekani wenyewe wanatumia hii hii." Sikubishana, mimi ntajuaje.

Sasa wiki ile ile binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa amekuja likizo. Huyu aliondoka zamani kwa grini kadi akaishia kujiunga na jeshi la Marekani, akatumikia huko kama skauti wa kavalari, yaani mpelelezi anayetangulia mbele ya jeshi, fani yao ina namba kabisa, 19D, siku hizi ameacha anaendesha malori. Nikampelekea kifua mbele, nikamwambia ona, kama za kwenu. Akaigeuza geuza, akachungulia, akacheka mpaka akakaa chini. "Kaka, hii ya mabaharia." Akanionyesha ile dira, kwamba darubini yenye dira tumboni kwa kawaida ni ya watu wa melini. Ya kwao ipo kweli ya 7x50, wanaiita M22, nayo ina vimistari, ila dira haina. Kwa hiyo kitu cha kwanza mjue, maneno ya "ya jeshi" ni chumvi ya sokoni, rangi tu hiyo.

Ila kwa saizi hakulaumu. Ile 7 ni mara ngapi inavuta, ile 50 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, ukigawa 50 kwa 7 unapata kama 7, na hiyo ndo duara ya mwanga inayoingia jichoni. Ikiwa kubwa hivyo unaona vizuri giza linapoingia na alfajiri, muda ambao mwizi naye anautaka. Zile ndogo za mfukoni wanazoziuza wameandika namba kubwa kubwa sijui 60 sijui 100, saa kumi na mbili jioni unaona giza tupu, msidanganyike.

Vimistari navyo nilidhani urembo. Kumbe ndo rula ya umbali. Duara zima jeshini wanaligawa vipande 6400, kila kipande wanakiita mili, na mistari inahesabu hizo mili. Ukijua kitu kina urefu gani, unazidisha mara 1000 unagawa kwa idadi ya mili kinazojaza, jibu ni mita. Tulimsimamisha kijana wangu wa shamba chini ya mti, ana mita 1.7, akajaa mili 5. Piga hesabu, mita 340. Tukashuka kupima na kamba ya mita hamsini hamsini huku dogo anatushangaa, tukapata 352. Kwa kitu cha mtumba hapo natoa maksi zote, nilikaa siku mbili napima kila kitu, ng'ombe wa jirani, mnara wa simu, mke wangu akitoka kisimani.

Ndo nikamuuliza binamu sasa nyie mlikuwa mnapima ili iweje, si mnapiga tu? Hapo ndo maongezi yakanoga, na ninayaweka humu maana yamebadilisha kabisa ninavyokitumia hiki kidude.

Mimi skauti nawajua wale wa shuleni wenye skafu shingoni. Kule ni ajira, wanafundishwa Fort Benning jimbo la Georgia, wiki 22. Kavalari ni jeshi la farasi, ila farasi mwenyewe hayupo. Mara ya mwisho jeshi la Marekani kushambulia watu wakiwa juu ya farasi ilikuwa Ufilipino, Januari 1942, toka hapo ni magari, Humvee, Stryker ya matairi manane, na Bradley ya minyororo. Kilichobaki ni kofia za Stetson siku za sherehe na vile vyuma vya kisigino vya kumchokonolea farasi, navyo hupewi bure, mpaka upite mtihani wao mgumu au uwe umeenda vitani. (Huku kwetu farasi wa vita hata wasingefika mbali. 1916 Waingereza na makaburu walipokuja kumfukuza Mjerumani walikuja na wapanda farasi, mbung'o na magonjwa yakawafyeka farasi kwa maelfu, watu wakaishia kutembea kwa miguu.)

Kazi yenyewe ni kutangulia. Vifaru na jeshi kubwa vinakuja nyuma, skauti yuko mbele na kamanda anasubiri kwake majibu, adui yuko wapi, wangapi, wanaelekea wapi, njia inapitika au haipitiki, mto unavukwa wapi. Na hawawekwi akiba hawa, vikosi vingine kamanda anaweza kuvishikilia nyuma asubiri ila skauti wote wanakuwa kazini muda wote. Nikasema sawa, mkikutana nao si mnawachapa? Akasema mara nyingi skauti akishaanza kurushiana risasi ujue kuna mahali amekosea. Wana kazi wanayoiita pazia, wanasambaa mbele au ubavuni mwa jeshi, wanatulia wanatazama, adui akitokea wanatoa taarifa halafu wanarudi nyuma taratibu huku hawamtoi machoni. Ipo nyingine ya kulinda, hapo ndo wanapigana kweli kweli kumchelewesha adui wenzao wajipange. Lakini bunduki sio silaha yake kubwa, silaha yake ni redio, maana akishaona vizuri anaita mizinga ya huko nyuma ije ipige alipoelekeza. Hata ile Bradley ya skauti, M3, kwa nje huwezi kuitofautisha na ya askari wa kawaida ila nyuma inabeba skauti wawili tu, nafasi iliyobaki ni redio na makombora. Na wana mtambo wa kutazamia unaona joto la mwili na la injini usiku, gari analiona zaidi ya kilomita 10 na unampa na namba za GPS za pale lilipo. Mimi hapo na 7x50 yangu yenye dira ya baharia.

Nikamwambia haya mbona Wahehe waliyajua kabla ya wenzako. Lugalo pale Iringa, 17 Agosti 1891, Zelewski, kamanda wa Wajerumani, anakuja na msafara wake mrefu kumpiga Mkwawa, mtawala wa Wahehe, watu wa Mkwawa wanajua yuko wapi na anapita wapi, yeye hajatanguliza watu wa kutosha wa kumwangalizia mbele. Wakatoka majanini na mikuki, Zelewski mwenyewe akafia pale pale. Binamu akasema hiyo ingefaa kufundishwa darasani kwao.

Kuna siku tulipeleka mbolea shambani na kirikuu, tukafika kwenye kile kidaraja cha magogo cha huku kwetu, mimi nimezoea napita tu huku nimeshika roho. Binamu akasema simama. Akashuka, akapima upana kwa hatua, akapima urefu, akaingia chini kabisa kwenye maji, akahesabu magogo (matano), akayagonga moja moja na jiwe. La tatu lilitoa mlio kama wa debe tupu. Akapanda amelowa mpaka magotini akasema mbolea ipite nusu nusu, na dereva ashike upande wa kulia. Utingo alicheka sana, anasema huyu Mmarekani wenu anaogopa daraja la magogo. Kumbe hiyo nayo ni kazi ya skauti, kupeleleza njia, wanaandika kila daraja linabeba uzito gani, kona kali kiasi gani, mlima mkali kiasi gani, kivuko kina kina gani, ili kifaru cha tani sitini kisije kukwama huku foleni nzima iko nyuma yake. Gogo la tatu tulilibadilisha wiki iliyofuata, ndani lilikuwa unga.

Turudi kwenye darubini. Sehemu yangu ya kutazamia nilikuwa nimeiweka kileleni kabisa, na kiti cha plastiki chekundu. Binamu akasema kaka hapo hata kipofu anakuona. Ukikaa kileleni mwili wako unachoreka na anga nyuma yako, shuka kidogo upande wa shamba, kaa kwenye kivuli, na asubuhi jua likiwa mbele yako kioo kitamulika kama bati jipya, weka kiganja juu ya lenzi. Akanifundisha na kutazama, kwamba usizungushe darubini ovyo kama unatafuta mtandao, unaanza karibu na wewe, unapita kipande cha kama mita hamsini, ukimaliza unasogea kingine mpaka mwisho wa shamba, halafu unarudia. Inachosha kuliko kulima. Na skauti hakai peke yake, wanapokezana maana macho yanadanganya yakichoka.

Halafu taarifa. Wana kifupisho cha herufi sita kinatamkika kama saluti, ukitoa taarifa unasema idadi, wanafanya nini, wako wapi, ni kina nani kwa mavazi yao, saa ngapi, wana vifaa gani. Basi. Akanisisitiza, "usiseme wezi. Sema watu. Wezi ni mawazo yako, watu ndo umewaona." Nikamjibu ndiyo ndiyo kama mtu anayejua.

Binamu akaondoka zake. Wiki mbili baadaye, Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro, ukungu wa Rungwe mnaujua, unakuja unafunika unaachia. Nipo chini ya mti wangu na sweta mbili na chai kwenye chupa. Ukungu ukaachia upande wa mtoni, nikaona watu. Wanne. Wanainama wanajaza viroba, na baiskeli mbili zimeegemezwa kwenye mti. Moyo ukanipasuka. Nikampigia mwenyekiti wa kitongoji, na maneno yangu yalikuwa haya, "mwenyekiti wezi wanne wapo shambani wanamaliza parachichi njooni". Saa ngapi sikusema, upande gani sikusema, wamevaaje sikusema. Mgambo wakaja na vijana kama kumi na marungu, wakaanza kutafuta upande wa juu maana sikusema ni chini, dakika ishirini wanazunguka. Walipofika mtoni wakamkuta mama mdogo, mdogo wake mama yangu mzazi, na mjukuu wake wa miaka tisa. Wawili. Baiskeli moja. Wanaokota zilizoanguka za kulishia nguruwe, na ruhusa aliomba kwa mke wangu jana yake jioni.

Sitaki hata kuandika alichoniambia. Aliongea Kinyakyusa tupu, na akianza Kinyakyusa tupu ujue hakuna wa kutuliza. Nikapiga magoti nikamwamkia shikamoo mama mara tatu haikuitikiwa.

Sasa wanne walitoka wapi? Nilirudi kilimani nikachungulia tena, mti mmoja naona miwili imepishana kidogo. Nikafumba jicho la kulia, mmoja. La kushoto, mmoja. Yote mawili, miwili. Yaani hizi bomba mbili hazitazami sehemu moja, imeshawahi kuanguka hii. Nikakumbuka hata siku tunampima dogo nilikuwa nimefumba jicho moja ili nisome vimistari, ndo maana sikugundua. Na kichwa kilikuwa kinaniuma kila nikikaa nayo nusu saa, nikadhani presha. Nikairudisha Mwanjelwa, nauli ya kwenda na kurudi juu yangu, jamaa ananiambia "mzee ulijaribu ukaridhika, mali ikishatoka imetoka". Nilijaribu ndiyo, ndani ya soko, natazama ukuta. Ndo kosa langu hilo. Fundi saa mmoja mjini akafungua skurubu ndogo zilizojificha chini ya mpira, akaisogeza sogeza akitazama nguzo ya umeme ya mbali, 15,000. Sasa imekaa, sio asilimia mia ila mtu mmoja ni mtu mmoja.

Kingine, ukungu ndani ya kioo. Hapa kwetu mvua haikati, Tukuyu kwa mwaka inapita milimita elfu mbili, na hii kitu mpira wake umezeeka unaingiza unyevu. Mwezi wa pili nikaamka kioo cha kushoto kimekuwa cheupe. Nikaifukia kwenye ndoo ya mchele wa Kyela siku tatu imefunikwa, ikakauka, ila mke wangu alisema akiona tena chuma kwenye mchele wake tutaonana wabaya. Ukipata hela nunua ile iliyojazwa gesi ya nitrojeni ndani, haipati ukungu, ila bei yake ni nyingine kabisa. Uzito nao, inakaribia kilo moja, kamba yake ni nyembamba inakata shingo, nimebadilisha nimeweka mkanda wa begi.

Mazuri nayo yapo bwana. Mwanga hafifu iko vizuri sana. Vimistari vimenisaidia hata kugawa shamba. Na siku moja nilipanda na wageni msitu wa Mlima Rungwe tukamwona kipunji, yule nyani ambaye wazee walikuwa wanamtaja zamani wanasayansi wakidhani ni hadithi tu, mpaka 2003 ndo wakamwona wenyewe, 2005 dunia nzima ikatangaziwa. Alikuwa juu ya mti mbali, nikamwona mpaka nywele za kichwani zilivyosimama, wageni wakapanga foleni kuazima, mmoja akataka kuinunua kwa laki na nusu. Nilitamani ila nikakataa.

Wizi? Umepungua, siwezi kuapa kama ni darubini au ni kwa sababu kijiji kizima sasa kinajua kuna mtu kilimani. Kijana wangu nimemfundisha zile sita, akipiga simu anasema "watu wawili, wanapita tu, njia ya juu, makoti ya mvua meusi, saa kumi na moja na nusu, hawana kitu mkononi", nageuka upande wa pili nalala. Zamani alikuwa anasema "bosi kuna watu" halafu simu inakata.

Nyota tatu kwa tano, moja nimekata kwa macho mawili kupishana na nyingine kwa ukungu. Ukienda kununua za mtumba toka nje ya kibanda, tazama kitu cha mbali, mnara au kilele cha Loleza, macho yote mawili wazi, dakika tano nzima, akikukataza acha.

Mama mdogo tulishapatana, kwa debe mbili za parachichi na kitenge. Bado anakuja kuokota za nguruwe asubuhi, ila siku hizi akifika pale mtoni anasimama, anageukia kilimani, ananyoosha mkono juu na kupaza sauti bonde zima linasikia, "Mtu mmoja! Anaokota! Mtoni! Mama yako mdogo! Saa kumi na mbili! Kiroba kimoja!"